Komunyo ya mtoto, deni la nyumba

Wiki tatu kabla ya Komunyo ya kwanza, mama mmoja wa shirika letu, yaani jumuiya ndogo ya Kikristo ya mtaa, hapa Kadutu, Bukavu, mashariki ya Kongo, alisimama katika kikao cha muso akaomba mkopo wa dola 200. Alipoulizwa ni wa kazi gani, hakuficha: ni wa sherehe ya binti yake. Gauni lilikuwa limeshapatikana. Zilibaki gharama za chakula, vinywaji, viti vya kukodi na hema, maana Bukavu mvua haiombi ruhusa. Mimi ndiye ninayeandika daftari la kasha, na kabla sijaandika neno chumba kilikuwa kimeshagawanyika. Kuna waliosema kasha la kijani ni la biashara na ada za shule, haliwezi kulisha wageni. Wengine, wengi wao wakubwa kunipita kwa umri, walisema huyu mama asiachwe, kwa kuwa hakuna hata mmoja wetu ambaye hakuwahi kupokea mchango wake.

Muso, kwa msomaji wa mbali, ni chama cha kuweka akiba na kukopeshana, nacho kimeenea sana Kivu Kusini. Kasha la kijani ni la akiba na mikopo. Kasha jekundu ni la kusaidiana katika ugonjwa na msiba. Wengine wana na la buluu, la pesa zinazotoka nje ya chama. Yetu ilizaliwa ndani ya shirika, kwa hiyo vikao tunavifungua kwa sala na kuvifunga kwa hesabu. Labda ndiyo maana swali la siku ile lilituuma: je, ni haki familia ijitie deni ili isherehekee sakramenti?

Nianze na wanaosema ndiyo, kwa sababu huhukumiwa haraka. Mzee mmoja alituuliza: Yesu alifanya muujiza wake wa kwanza wapi? Arusini Kana. Na hakuwakemea wenye arusi kwa kutaka divai nyingi. Mabalasi ya maji aliyoyageuza divai yalikuwa sita, kila moja la nzio mbili au tatu. Ukipiga hesabu kwa vipimo vya leo unapata zaidi ya lita 400, tena watu walikuwa wameshakunywa. Mtu anayesema furaha ya mezani ni ubatili lazima ajibu sura ya pili ya Yohane.

Hoja yao ya pili ina uzito zaidi, nayo haitoki katika Biblia bali katika historia ya pesa zetu. Wazazi wetu wanaikumbuka Noeli ya 1979. Tarehe 25 Desemba serikali ya Mobutu iliondoa noti za zaire 5 na 10 (zaire ndiyo ilikuwa pesa ya nchi), ikatoa siku chache za kuzibadilisha na kuweka kikomo cha kiasi. Waliokuwa wamefungia akiba yao sandukuni waliona miaka ya jasho ikigeuka karatasi. Baadaye zaire yenyewe ilikuja kuporomoka hadi ikabadilishwa, kwanza 1993 na tena 1998 ilipoingia faranga ya Kongo. Mjini humu vimekuwapo vyama vya akiba vilivyofunga milango na pesa za watu zikiwa ndani. Na tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, benki zikafungwa. Mwenye mshahara akawa anaupokea kwa simu, na kuutoa uwe noti mkononi kukawa na makato yanayouma. Sasa mwambie mtu aliyepita katika hayo yote kwamba mahali salama pa pesa ni benki. Atakuambia yeye ameweka kwa watu. Alichangia arusi ya jirani, alipeleka kreti ya bia ya Primus kwa kipaimara cha mtoto wa binamu, alibeba mfuko wa mchele msibani. Vyote vimeandikwa, kama si kwenye karatasi basi moyoni. Siku yake ikifika, watu watarudisha. Kwake sherehe ndiyo mlango wa kutolea akiba.

Naiheshimu hoja hii kuliko wanavyoiheshimu wengi wanaotufundisha matumizi bora ya pesa. Mtu wa Bukavu hapotezi pesa kwa upumbavu anapochangia arusi. Ananunua haki ya kutoachwa peke yake, na katika mji ambao hakuna bima ya kueleweka, haki hiyo ina thamani. Nimeona mjane akizikiwa mume bila kutoa hata faranga moja, kwa kuwa kwa miaka kumi na mitano hakukosa msiba wa mtu.

Lakini mimi ni mtu wa daftari, na daftari lina swali lake. Mwanachama akikopa dola 200 akaleta maharage kutoka Walungu, mkopo unajilipa: magunia yanauzwa, deni linarudi, kinachobaki kinapika. Mkopo wa sherehe hauna magunia. Jumatatu asubuhi kuna sufuria za kuosha na viti vya kurudisha, na pesa ya kulipa lazima itoke mahali palepale panapotoka fufu na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Ile akiba iliyowekwa kwa watu nayo hurudi hivyo hivyo: inakuja kama vinywaji na mchele, inaliwa jioni moja, na mwenye nyumba anabaki na orodha mpya ya watu watakaomdai. Hapo ndipo sherehe inapoachana na likirimba, mchango wa kupokezana kwa zamu. Zamu yako ya likirimba ikifika unashika pesa nzima na kuamua mwenyewe. Zamu ya sherehe ikifika, wageni wameshaamua.

Na huyo ni aliyekopa kwetu. Kwetu riba ni 5 kwa mia kwa mwezi, na hiyo riba inatugawanyikia sisi wenyewe mwisho wa mwaka. Tukimkatalia mtu, mara nyingi haachi kukopa. Anakwenda kwa wale tunaowaita “banque Lambert”, jina la mtaani la wakopeshaji wa riba kali wasio na ofisi wala huruma. Chukua mfano wa 30 kwa mia kwa mwezi. Dola 200 zinazaa 60 kila mwezi. Baada ya miezi minne umeshalipa 240, na zile 200 zinakungoja bado. Katekisimu ya 1992, katika namba 2269, inaiweka biashara ya namna hii chini ya amri ya tano, Usiue: wenye riba na tamaa inayowaletea ndugu zao njaa na kifo wanaua kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Inanisumbua kwamba tunasikia mengi mimbarini juu ya walevi na wachawi, na haba sana juu ya mtu wa parokia anayeshika kadi ya mshahara ya mwalimu kama rehani.

Wanaokataa wana Maandiko yao pia, na sijui kama wameona kwamba yote mawili yamo katika sura moja, Luka 14. Katika aya ya 28 Yesu anamzungumzia mtu anayetaka kujenga mnara: ataketi kwanza ahesabu gharama. Lakini nyuma kidogo, aya ya 12 hadi ya 14, anasema jambo linalotugusa zaidi: ukifanya karamu usiwaite rafiki na jirani matajiri, wasije wakakualika nao ukawa umelipwa, waite maskini, vilema, vipofu, kwa kuwa hao hawana cha kukulipa. Hapo mfumo wetu wote wa kuchangiana na kurudishiana unaguswa. Aliyetoa kreti anakaa mbele. Asiyetoa anapewa sahani mlangoni, au hapewi. Nimehudhuria sherehe za Komunyo ambako mtoto mwingine aliyepokea siku ileile, wa nyumba ya pili tu, hakuitwa, kwa sababu mama yake hakuwa na kitu cha kuleta. Sherehe ya namna hiyo haijengi shirika, hata ikiwa imelipwa bila deni.

Kuna jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka. Sakramenti yenyewe haina bei hii. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 848, inamkataza mhudumu kudai chochote zaidi ya sadaka iliyowekwa na mamlaka husika, tena inamtaka aangalie kwamba maskini wasikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Kwa hiyo deni la yule mama halitoki altareni. Linatoka uani. Hata hivyo sitaliondolea Kanisa lawama zote. Kamati ya wazazi ikichagua kikwembe (kitenge) kimoja cha sare kwa mama wote, imeweka bei. Mpiga picha akipewa nafasi mbele ya tabernakulo, bei nyingine. Na padri anayefika kwenye nyumba yenye meza ndefu akakosa muda wa kupita penye chai na mandazi, naye anafundisha, ingawa hakukusudia.

Kwenye ndoa mambo huwa mazito zaidi, maana hapo gharama haziumizi mfuko tu. Kila parokia ya mji huu ina wanandoa walioishi pamoja miaka, wana watoto wanne, mahari imeshakamilika au imefika karibu, na bado hawajafunga ndoa ya kanisani. Ukiwauliza, hawana kizuizi cha imani. Wanangoja pesa ya arusi. Kwa kungoja hivyo wanakaa Jumapili baada ya Jumapili bila kupokea Ekaristi. Tunalinda heshima ya sherehe kwa kumnyima mtu kile ambacho sherehe ilikuwepo kukisindikiza. Ndoa za pamoja, za watu kumi au ishirini kwa misa moja, ni jibu zuri, na hazina aibu: tarehe 14 Septemba 2014 Papa Fransisko alifungisha ndoa 20 kwa pamoja katika Basilika ya Mtakatifu Petro. Bado nawaelewa wanawake wanaozikataa. Mwanamke aliyebeba nyumba miaka kumi, akiuza tomati sokoni Nyawera, anataka siku moja watu wamtazame yeye peke yake. Hayo si majivuno. Kumwambia tu kwamba ndoa ya pamoja ni rahisi hakumtoshi. Inabidi jirani zake wamfanyie kitu siku hiyo.

Juu ya mume na mke sitasema mengi, lakini daftari limenifundisha kwamba mikopo mingi ya sherehe inayoshindwa kulipwa ni ile ambayo mmoja alikopa bila mwenzake kujua. Tangu Julai 2016, Kanuni ya Familia ya Kongo ya 1987 iliporekebishwa, mke hahitaji tena idhini ya mumewe ili afanye mkataba, na ilikuwa haki kabisa. Kanisa nalo, katika kanuni ya 1135, linawapa wote wawili haki na wajibu sawa katika maisha yao ya ndoa. Usawa huo unamhusu na mume anayeahidi mbuzi kwenye arusi ya mpwa wake, nyumbani wasijue. Najua pia kwamba kuna mama anayeficha pesa kwa sababu ikionekana tu inageuka pombe, na huyo siwezi kumwambia afungue kitambaa chake chote mezani.

Nikipima yote, nasimama hapa. Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum ya 1891, alimtaka mfanyakazi ambaye mshahara unamtosha yeye na familia yake ajibane kidogo, aweke akiba. Barua ya kwanza kwa Timotheo, 5:8, inasema asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Kwa hiyo chakula, kodi ya nyumba, dawa na shule vinatangulia, na mkopo wa sherehe unaogusa kimojawapo haufai, hata ukiwa wa Komunyo, hata ukiwa wetu wa riba ndogo. Ila nakataa kwamba jibu ni kumwambia mtu asisherehekee. Nimerudi Kana mara nyingi tangu kikao kile, na nimeona kitu ambacho mzee wetu hakukitaja. Divai ilipopungua, bwana arusi hakukimbilia kwa mkopeshaji. Mgeni mmoja, Maria, ndiye aliyeona, akasema wazi: hawana divai. Na kilichohitajika kikatoka upande wa wageni.

Siku ile kwetu aliyesema alikuwa dada mwenye kibanda cha mkaa, ambaye husema mara chache. Alimgeukia mama akamuuliza, bila ukali: “Mama, wewe unaweza kulipa ngapi kwa mwezi, watoto wakila vizuri?” Mama alifikiri, akasema 20. Tukamwandikia 80, kwa miezi mitano, na mumewe akatia sahihi pembeni. Mama watano wakajigawia vyungu: mmoja wali, mmoja maharage, mmoja sombe (kisamvu), wawili kuku. Viti vikatoka nyumba kwa nyumba. Tukakubaliana pia kwamba mtoto wa jirani, ambaye mama yake hakuwa na kitu, atakaa meza moja na binti wa mama huyu. Mama hakuondoka na furaha kamili. Alikuwa ametaka hema na muziki, na niliona machoni kwamba kupunguziwa mbele za watu kulimchoma.

Kimebaki kitu kimoja kwenye ajenda ya mwezi ujao. Baadhi ya wanachama wanataka kasha jekundu liruhusiwe kusaidia na furaha, si ugonjwa na msiba peke yake. Nitapinga. Kasha hilo lina pesa kidogo, na msimu wa mvua nyumba za mteremkoni hubomoka. Wakitaka, tufungue kasha jingine kwa faranga 500 kila mtu kwa wiki, lenye jina lake na daftari lake, na wa kwanza kuhudumiwa wawe wale wanandoa wawili wa mtaa wetu wanaongoja arusi tangu mtoto wao wa kwanza hajazaliwa.