Mkarafuu wa kulipia

Tangu treni ya mwendokasi ianze kufika Dodoma mwaka 2024, Unguja imesogea. Unapanda asubuhi, mchana uko Dar es Salaam, unavuka kwa boti, na magharibi inakukuta Forodhani na bakuli la urojo mkononi.

Mwenzangu wa kazini alifanya hivyo likizo iliyopita, akarudi amenuna. Bahari haikumkosea kitu. Kilichomuudhi ni ziara ya mashamba ya viungo. "Kaka, nimelipa hela kuonyeshwa mkarafuu," alituambia tukiwa mezani. "Kijana ananisukia kofia ya makuti, mwingine yuko juu ya mnazi anaimba. Maigizo matupu. Afadhali ningelala ufukweni siku nzima."

Tulicheka, lakini lalamiko lile si lake peke yake, na wapo watu makini wanaolitetea. Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki saba kutoka nje mwaka 2024, na wakazi wake kwenye sensa ya 2022 hawakufika milioni mbili. Kwa mzigo huo, wanasema, maisha ya watu yanageuka bidhaa. Ngoma iliyokuwa ikikesha inakatwa iwe ya robo saa kabla ya chakula cha jioni hotelini. Anayeitazama haielewi, na anayeicheza naye anaanza kuisahau. Siibezi hoja hiyo.

Ila sisi wa Ugogoni, huku Dodoma, jambo hili tumeliona nyumbani. Muheme, ngoma ya wanawake inayopigwa ikiwa imebanwa mapajani, ilikuwa ya shughuli za kuwatoa wasichana waliotahiriwa. Leo utaisikia wakipokelewa viongozi, utaisikia kwenye mikutano ya siasa, na mapigo yake yameingia hadi kanisani. Kwa kipimo cha mwenzangu hayo nayo ni maigizo: shughuli yenyewe haipo, imebaki ngoma. Haya, tufuate hesabu hiyo mpaka mwisho. Ukeketaji ulipaswa kukoma, na sheria ya mwaka 1998 ikauharamisha kwa wasichana walio chini ya miaka 18. Muheme ungebaki umefungwa kwenye tendo lile, ungezikwa nalo. Watazamaji, hao hao tunaowalaumu kwa kuiharibu ngoma, ndio walioupa pa kwenda. Na Hukwe Zawose, Mgogo mwenzetu aliyefariki mwaka 2003, alipiga ilimba, ala ya vichuma vinavyobofywa kwa vidole gumba, na zeze kwenye majukwaa ya Ulaya. Sijasikia mzee yeyote hapa akisema aliuza ukoo.

Makunduchi, kusini mwa Unguja, kila Julai kuna Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa Kishirazi. Wanaume wanacharazana kwa migomba kumaliza vinyongo vya mwaka, kibanda cha makuti kinatiwa moto, wanawake wanapita na kanga mpya wakiimba. Kamera za wageni zimejaa, ndiyo. Lakini mila yenyewe inamtaka mgeni siku ile, na nyumba isiyompata hujiona imekosa heri. Mtalii amekuta mkeka wake umeshatandikwa.

Na mkarafuu wenyewe? Asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Mdalasini ulitoka Sri Lanka, vanila Meksiko. Anayekwenda Kizimbani, kwenye mashamba hayo ya viungo, kutafuta utamaduni ambao biashara haijaugusa amekosea kisiwa.

Ninaloling'ang'ania mimi, hadi wenzangu wamechoka kunisikia, ni mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, pwani ya mashariki, na wanawake wakakishika. Kwa wengi wao hiyo ndiyo ilikuwa hela ya kwanza wasiyomwomba mtu. Kisha maji ya bahari yakapata joto, na aina iliyokuwa na bei nzuri, kotonii, ikawa inaozea kambani. Ikabaki spinosamu, ambayo kilo yake ikishakaushwa hailipi hata maumivu ya mgongo. Baadhi ya kina mama wakaamua kuusaga mwani na kutengeneza sabuni. Mnunuzi wao ni nani? Ni yule anayeletwa na mtembezaji wageni wakati maji yamekupwa, akaingia shambani miguu peku, akafundishwa kufunga mbegu kwenye kamba, akapiga picha zake za kuchekesha, kisha akafungua pochi. Kipande kimoja cha sabuni kinakwenda kwa bei ya kilo kadhaa za mwani mkavu. Tia maanani hilo. Yule aliyelala ufukweni siku nzima, ambaye mwenzangu anamwonea wivu, hela yake ameiacha mapokezi ya hoteli. Kwa mama wa kamba haikufika, na pengine ni yeye aliyepita na tiara yake ya kuteleza majini juu ya shamba lilelile. Kati ya wawili hawa, tunaambiwa anayeharibu utamaduni ni wa kwanza!

Jozani, msitu wa Unguja wenye kima wekundu, nako ni vivyo hivyo. Wenyeji walimwita kima yule punju, yaani sumu, na wakulima walimwona mwizi wa mashamba. Siku hizi sehemu ya kiingilio cha wageni inarudi vijijini, na barabara imewekewa matuta ili magari yasimgonge.

Penye kushindwa nikiri. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, boti zinawakimbiza pomboo na wageni wanarukia maji palepale wanyama walipoibuka. Makunduchi waliamua wenyewe kumkaribisha mtu, pomboo hakuulizwa. Sina utetezi hapo. Wala nisingependa kuona yanayofanyika Mongomi wa Kolo, kule Kondoa, yakipangiwa ratiba na wakala wa safari. Michoro ya mapangoni imo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2006, na aje mgeni aione, tena aje kwa wingi kuliko sasa. Matambiko ambayo wenyeji bado wanayafanya pale ni ya kwao, wakitaka kuyafungia mlango wayafunge.

Nilimuuliza mwenzangu kama alimpa chochote yule kijana wa kofia. Akasema hapana, maana alikwisha lipia ziara yote mjini. Nikamweleza kwamba vijana wale mara nyingi wanategemea bakshishi, na kwamba fedha ya mjini hupita kwa wakala, kwa dereva na kwa mtembezaji kabla haijafika chini ya mnazi, kama inafika. Hapo alinyamaza kidogo. Akanung'unika kuwa basi wangeandika kabisa kwenye risiti nani anapata shilingi ngapi. Hilo ndilo lalamiko ambalo ningelitia saini pamoja naye.