Mtoto wa Igombe ana maji, hana ukuta

Jumamosi jioni pale Igombe, ufukweni mwa Ziwa Victoria hapa Mwanza, nilimwona kijana akiukimbiza mtumbwi uliokatika kamba. Kichwa juu muda wote, macho hayabanduki kwenye mtumbwi, mikono inachota maji kwa nguvu. Akaufikia, akadaka ukingo, akarudi nao. Pale mwaloni hakuna aliyegeuka kumtazama.

Mimi niligeuka, maana wiki nzima nilikuwa narudia kutazama fainali ya kuogelea mita 50 mtindo huru, Olimpiki ya Rio 2016. Anthony Ervin wa Marekani alishinda kwa sekunde 21.40, Florent Manaudou wa Ufaransa akafuata kwa 21.41. Ervin alikuwa na miaka 35! Dhahabu yake ya kwanza ya mbio hizohizo aliipata Sydney 2000, sare na mwenzake Gary Hall Jr. Katikati hapo aliacha kuogelea miaka kadhaa, na medali ile akaiuza kuwachangia waathirika wa tsunami.

Katika mbio fupi kiasi hicho, kichwa kikiinuka miguu inazama na maji yanakushika. Ndiyo maana wengi huvuta pumzi mara moja tu, au hawavuti kabisa mpaka mwisho. Kijana wetu anainua kichwa kwa sababu lazima aone wimbi na mtumbwi, na kwa kazi yake yuko sahihi. Lakini kuruka kutoka jukwaa la kuanzia mbio, kuteleza chini ya maji bila kuvuka mita 15 zinazoruhusiwa, kunyoosha kidole kugusa ukuta, hayo ziwa haliwezi kumfundisha. Ziwa halina ukuta.

Kwa hiyo huniuma nikisikia vijiweni kwamba waogeleaji wetu wa Tanzania huenda Olimpiki kutalii. Rio hiyohiyo Hilal Hemed Hilal aliogelea mita 50. Paris 2024 Sophia Latiff aliogelea mita 50, Collins Saliboko mita 100. Wanapambana na watu walioanza kuhesabu sehemu za sekunde tangu utotoni. Wanastahili heshima, na wanastahili wenzao wengi zaidi nyuma yao.

Wenzao hao wako huku kwetu. Mwanza inahitaji bwawa la umma la mita 50, lenye maji yasiyo na kichocho, ambalo mtoto wa mvuvi ataingia bila kulipa kiingilio cha hoteli. Na hata asipotokea bingwa, mji uliozika pale Igoma watu waliozama na meli ya MV Bukoba mwaka 1996 unajua kwa nini kila mtoto anapaswa kuogelea vizuri.

Kabla sijaondoka nilimuuliza yule kijana kama amewahi kuruka kutoka kwenye jukwaa la bwawa. Akatikisa kichwa, akapiga kofi pua ya mtumbwi wake.

"Mimi narukia hapa, kaka."