Mhandisi Mwenye Mamlaka ya Kusema "Bado"

Wazazi wengi hapa Mombasa, wakisikia kwamba mtoto anataka kusomea uhandisi wa anga, huwaza roketi na wanaanga. Ni wachache wanaomfikiria mhandisi anayeongoza majaribio ya chombo kabla hakijarushwa, ilhali kwa maoni yangu hakuna kazi nzito kuliko hiyo katika fani nzima.

Yeye hukitesa chombo kingali duniani. Hukitikisa juu ya meza ya mtetemo, hukipigia kelele kali kama za roketi inaporuka, kisha hukifungia katika chemba iliyoondolewa hewa ili kionje baridi ya angani. Darubini ya James Webb ilikaa takriban siku 100 katika chemba ya namna hiyo mjini Houston mwaka 2017. Mwaka uliofuata, baada ya majaribio ya sauti, skurubu na washa za vifuniko vya kinga yake ya jua zilikutwa zimeanguka. Zingeanguka baada ya darubini kurushwa, Desemba 2021, nani angezifuata? Iko umbali wa kilomita milioni 1.5.

Darubini ya Hubble, iliyorushwa angani mwaka 1990, inanisikitisha zaidi. Kingo za kioo chake zilisagwa kupita kiasi kwa takriban sehemu moja tu ya 50 ya unene wa unywele, na picha zikatoka na ukungu. Vipimo vingine vilikuwa vimeonyesha kasoro hiyo kiwandani, lakini vikapuuzwa kwa sababu kifaa kilichoaminiwa kuwa sahihi zaidi kilisema kioo ni kizima. Na kifaa hicho ndicho kilichokuwa kimeunganishwa vibaya. Wanaanga walikwenda kuirekebisha Desemba 1993. Ujuzi haukukosekana pale. Alikosekana mtu mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi hadi vipimo vinavyopingana vipatanishwe, hata kama ratiba imebana na wakubwa wamenuna. Mtu huyo hapikwi darasani peke yake. Huanza kwa kufunga vihisi na kuandika taratibu za majaribio, na kwa miaka mingi hujifunza kutolipuuza hata tarakimu moja isiyoeleweka.

Sisi watu wa Pwani tunalijua jambo hili. Fundi wa jahazi hakubali chombo kishuliwe kabla hajaridhika na kalafati, hata nahodha akiwa na haraka namna gani. Tena setilaiti ya Uhuru, ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei angani, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Hata hivyo setilaiti ya Kenya, Taifa-1, iliyorushwa Aprili 2023, ilibuniwa na wahandisi Wakenya lakini ikafanyiwa majaribio kwa ushirikiano na kampuni ya Bulgaria.

Kwa hiyo, kabla ya kuzungumzia kurusha roketi, ningependa vyuo vya Mombasa vipate meza ya mtetemo na chemba ndogo ya ombwe inayotosha setilaiti ya ukubwa wa tofali, na mwanafunzi apewe alama kwa kasoro aliyoigundua sawasawa na kwa kifaa alichokiunda.