Mtoto wa Tabora anachagua kombi bila kuiona kazi, na vyuo viko hapo hapo mjini

Kila mwaka NECTA, wale wa baraza la mitihani Tanzania, wakishamwaga matokeo ya fom foo simu yangu huku Dortmund haipumziki. Shangazi nimepata divisheni two, mama mdogo nimepata three ya 22, anti niombee maana hii four mzee hajaongea tangu asubuhi. Nafurahi na wa kufurahi, nawapoza wa kupozwa, vihela vya soda vinatoka, halafu nauliza swali langu ambalo najua linawaboa, sasa unataka ufanye kazi gani? Kimya. Baada ya muda ndio linakuja jibu, PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia za kidato cha tano. Mwanangu mi sijakuuliza kombi, nimekuuliza kazi, na sijawahi kuona mtu ameajiriwa kuwa PCB.

Mi mtoto wa Isevya kabisa, nimesomea Tabora mpaka fom siksi ndio nikaja Ujerumani kulea watoto wa watu, nikaunga na mwaka wa kujitolea kwenye nyumba ya wazee, nikaingia mafunzo ya uuguzi miaka mitatu, leo niko wodini na nina binti yuko darasa la tisa hapa hapa. Kwa hiyo nina watoto pande zote mbili, huyu wa kwangu na hao wa kaka zangu, wote umri ule ule wa kuulizwa unataka kuwa nani. Tofauti ninayoiona sio akili, na hata sio hela kama watu wanavyodhani. Huyu wa huku ameshaingia mahali pa kazi akakaa akaona, yule wa Tabora anachagua kwa kusikia, yaani ni kama kununua kiwanja usiku.

Huku kwetu jimbo la Nordrhein-Westfalen wanaanza nao darasa la nane. Kuna siku mtoto anapelekwa kuangaliwa anaweza nini na anapenda nini, sio mtihani wa maksi, halafu kuna siku za kwenda kuchungulia kazi tofauti tofauti, halafu darasa la tisa au la kumi wanaenda fildi, yaani kukaa mahali pa kazi wajifunze, wiki mbili au tatu. Fildi hiyo hiyo tunayoijua sisi ya chuo, ila hawa wanaenda wana miaka 14, 15. Na nafasi anahangaika nayo mwenyewe. Binti yangu aliandika barua na CV, CV ya mtoto wa miaka 15 unacheka mpaka ulie, ina shule mbili na kuogelea, akapiga simu sauti inatetemeka, wengine wakamkatalia wengine hawakujibu kabisa, mwisho akapokewa kwa watengeneza miwani mtaa wa pili. Siku za kwanza ni kupanga fremu na kufuta vumbi. Baadae wakamkalisha pembeni ya mashine ya kusaga lenzi, akaona kioo kinavyolishwa taratibu mpaka kiingie kwenye fremu bila kucheza, ukizidisha kidogo tu umekiharibu unaanza na kingine na kile cha kwanza ni hasara ya duka. Mwalimu wake akaja kumtembelea huko huko kazini, mwisho binti akaandika ripoti. Bima ya ajali inayomlinda shuleni inamfuata mpaka fildi, kwa hiyo na mzazi unalala.

Unajua alirudi na jibu gani? Mama hii kazi siitaki. Basi, nikampikia pilau. Wiki tatu na nauli ya basi ameshajua kitu kimoja ambacho sio chake. Dogo wa kwetu hiyo "siitaki" anakuja kuigundua yuko mwaka wa pili chuo, deni la bodi ya mikopo linamsubiri na ng'ombe wa babu walishauzwa.

Na fildi hizo ndio mara nyingi zinampeleka mtu kwenye yale mafunzo yao wanayaita Ausbildung. Kijana anasaini mkataba na kampuni, siku tatu nne za wiki yuko kazini, moja mbili yuko shule ya ufundi, miaka mitatu hivi, na mshahara anapata. Tangu 2020 kuna kima cha chini cha kisheria, mwaka wa kwanza kilianzia euro 515 kwa mwezi na kimekuwa kikipanda, sisi wa uuguzi kwenye hospitali za umma ni zaidi ya euro 1,000. Kazi zinazosomewa namna hiyo ni zaidi ya 300, muoka mikate yumo, fundi umeme yumo, wa benki yumo. Mtihani wa mwisho hautungwi na bosi wako, unasimamiwa na chemba za biashara na chemba za mafundi, kwa hiyo cheti cha Dortmund ukienda nacho Munich hakuna anayekikunjia uso.

Sasa wale wa "Ulaya raha" msianze kushangilia maana hawa watu wana jambo moja sitakaa nilikubali. Majimbo mengi mtoto anagawanywa akimaliza darasa la nne, miaka 10, huyu aende Gymnasium ndio njia ya chuo kikuu, huyu Realschule ya kati, huyu Hauptschule ya chini. Berlin na Brandenburg angalau wanasubiri mpaka la sita. Miaka kumi jamani, mtoto bado anang'oka meno! Matokeo ya PISA, ule mtihani wa kulinganisha wanafunzi wa nchi mbalimbali, ya mwaka 2000 yaliwaumbua mbele ya dunia, ikaonekana hali ya nyumbani kwao mtoto inaamua mno atafaulu kiasi gani, na mpaka leo mtoto wa mhamiaji mwalimu anaweza kukuambia kwa sauti ya upole kabisa, tumuweke njia nyepesi asije akachoka. Mi mwenyewe nimekaa kwenye kiti hicho nikaambiwa hivyo. Tukapambana binti akaingia Gesamtschule, ambako wanasoma wote pamoja. Hapo Tanzania naipa maksi zote, mtoto wa mama ntilie na mtoto wa mkuu wa wilaya wanafanya mtihani mmoja wa NECTA, na wa shule ya kata huko Sikonge ndani akifaulu vizuri anaweza kupangwa Tabora Boys alikosoma Nyerere na hakuna atakayemuuliza baba yako nani. Ada nayo imefutwa shule za serikali, kidato cha kwanza mpaka cha nne tangu 2016, cha tano na sita tangu 2022. Mambo makubwa haya.

Lakini turudi mjini kwetu. Tabora kuna Chuo cha Nyuki, kuna Chuo cha Reli, kuna Chuo cha Ardhi, kuna Uhazili ambayo sasa ni Chuo cha Utumishi wa Umma, VETA ya ufundi ipo, chuo cha ualimu kipo, chuo kikuu cha AMUCTA kipo, na bodaboda inakuzungusha kote huko kabla ya adhana ya adhuhuri. Mi utoto wangu wote napita mbele ya mageti hayo na sare ya shule na sikuwahi kuingia hata kimoja. Na sio mimi tu, muulize mtoto wa kidato cha nne pale Ipuli Chuo cha Nyuki wanafanya nini atakwambia wanafuga nyuki, imeisha hiyo. Hajui kama kuna mambo ya ubora wa asali, ya nta, ya ufungashaji, ya masoko. Asali ya miombo kwetu inauzwa barabarani kwenye chupa za maji zilizotumika, huku chupa ya gramu 500 inaenda euro sita saba na ina karatasi inayokwambia imetoka wapi. Au reli. Watoto wa Tabora wanaamshwa na honi ya treni, treni ya umeme Dar hadi Dodoma inatembea tangu 2024, mkataba wa kipande cha kutoka Tabora kwenda Kigoma ulisainiwa 2022, chuo cha reli kiko hapo mjini, sasa nitajie shule iliyochukua watoto wa fom three ikawapeleka pale wakaangalie breki ya behewa inafanyaje kazi. Mi sijaisikia, kama ipo nitafurahi kuambiwa.

Kinachochangia ni ile kauli tumekulia nayo wote, "usiposoma utaenda VETA." Mwalimu anaisema fimbo iko mkononi. Yaani chuo cha serikali kimekuwa adhabu. Huku fundi akisoma mpaka ngazi ya Meister anahesabika daraja moja na mwenye digrii ya kwanza, na ana ruhusa ya kufundisha vijana wengine. Ingawa nao siku hizi wazazi wameanza ugonjwa wetu, kila mtu Gymnasium, Gymnasium, halafu kupata fundi bomba ni miezi. Haya yanapita.

Mi nataka niongelee ile miezi ya kusubiri kidato cha tano. Mtihani wa fom foo unaisha Novemba. Matokeo Januari. Selekisheni inakuja huko Mei, Juni, kuripoti kidato cha tano Julai. Hesabu mwenyewe, mtoto wa miaka 17 anakaa nyumbani zaidi ya nusu mwaka. Anayejiweza anapelekwa prifomu faivu, masomo ya kujiandaa na kidato cha tano, anayebaki anachunga duka, anauza maembe ya msimu, wa kike anapewa watoto wa dada yake alee, wa kijijini anaingia kwenye mashamba ya tumbaku, na wengine hatusemi. Hiyo ndio miezi ya fildi sasa! Haihitaji bajeti ya wizara, haihitaji mzungu wa mradi. Inahitaji mzazi amjue fundi mmoja, au nesi mmoja, au afisa ardhi mmoja, na barua ya mtendaji wa mtaa.

Mtoto wa kaka yangu ndio yuko humo saa hizi. Shule aliyosoma siitaji, ila mwalimu wa ushauri nasaha ndio huyo huyo wa baiolojia na ndio huyo huyo anasimamia bweni, unadhani atamshauri nani na saa ngapi. Fomu za kuchagua kombi zilijazwa mchana mmoja, mwenye mwandiko mzuri anawajazia na wenzake. Tulichati hivi:

"Shangazi shikamoo."
"Marahaba baba. Udaktari umeuona wapi?"
"Hospitali ya Kitete nilivyolazwa."
"Ulimuona daktari anafanya nini?"
"Aliandika halafu akaondoka."

Sikumlaumu, daktari kweli ndio anachoonekana akifanya. Nikamwambia kaka, huyu mtoto mpaka Julai anakaa tu, mpeleke kwa yule niliyesoma naye wa Ng'ambo anayesuka mota. Kaka akakasirika, kwamba mtoto ana divisheni two unampeleka kwenye grisi. Ikabidi mama aingilie kati, na mama akiongea kaka hana la kusema.

Sasa kila Jumamosi ananipigia video. Mota ya mashine ya kusaga imeungua inaletwa, kabla hawajakata koili la zamani lazima ahesabu mizunguko ya waya kwenye kila mfereji na aandike kwenye daftari, na apime unene wa waya, maana ukishakata bila kuandika huna tena pa kuanzia. Halafu wanasuka upya kwa mkono, wanapaka vanishi, wanaanika ikauke. Alikosea hesabu ya mfereji mmoja mota ikawa inachemka, ikafumuliwa yote. Jamaa hakumpiga wala kumtukana, alimpa koleo tu akamwambia anza. Dogo anasema vidole vinauma, anasema fizikia ya sumaku aliyokariri ndio anaiona leo ina kazi, na anasema pia kazi hii haitaki maisha yake yote. Sawa kabisa baba, ndio tulichotaka.

Najua kuna watakaosema shangazi wewe uko Ulaya, huku ajira zenyewe hakuna, fildi ya nini. Ndio ajira ni ngumu, ila mtoto aliyekosa ajira akiwa anajua kusuka mota na aliyekosa ajira akiwa na cheti kwenye bahasha hawalali sawa. Wengine watasema mafundi watawatumikisha watoto wa watu, kuchota maji na kununua chapati. Hilo ni kweli linatokea, na ndio maana fildi ya huku ina muda wake maalumu na mwalimu anakuja kukagua. Mtoto akikaa wiki tatu hajashika kifaa chochote, mtoe.

Serikali nayo imestuka, sera ya elimu ya 2014 toleo la 2023 imekuja na mkondo wa amali, yaani wa ufundi, sekondari na shule zimeanza 2024. Naunga mkono, ila nina wasiwasi mmoja, zikishajulikana shule fulani ni za amali ndio hizo hizo zitakuwa kitisho kipya cha mwalimu mwenye fimbo, na mtoto wa mkondo wa jumla ataendelea kumaliza kidato cha nne hajawahi kushika bisibisi wala kuingia ofisi yoyote zaidi ya ya mwalimu mkuu. Mi naona fildi iwe ya wote, na wa PCB ndio watangulie.

Kaka bado amenuna. Anadhani nimemtoa mtoto kwenye udaktari na mi sijamtoa, dirisha la kubadili tahasusi, yaani kombi, kwenye mfumo wa wizara ya TAMISEMI likifunguliwa atachagua mwenyewe. Ila kabla hajabonyeza kitu nimeshaongea na dada mmoja wa maabara ya hospitali amekubali akae nao wiki nzima, aone damu, aone mkojo na makohozi, aone foleni ya saa moja asubuhi. Akitoka huko bado anaitaka PCB basi aende nayo. Nauli ya bodaboda nalipa mimi, kaka asitafute sababu.