Bolti kwenye mti: uhai wa mpandaji na uhai wa msitu

Wawindaji wa Marekani, hasa wa upinde, wamebishana kwa muda mrefu juu ya njia moja ya kupanda mti. Mwindaji anatoboa shina kwa drili, tundu moja kushoto, jingine kulia, hadi juu anakotaka kukaa kuvizia. Kisha anachomeka bolti nene, anazikanyaga kama ngazi, na akishuka anazichomoa na kuondoka nazo. Yanayobaki ni matundu. Majimbo mengi ya kule yanakataza kutoboa au kupigilia chuma kwenye miti ya ardhi ya umma. Kwenye shamba la mtu binafsi, mwenye shamba ndiye mwamuzi.

Kwa sisi wa Dodoma na Singida ubishi huo unatuhusu kuliko unavyoonekana. Wahadzabe wa Bonde la Ziwa Eyasi, kuanzia Karatu na Mbulu mpaka Mkalama, wamekuwa wakipanda mibuyu kwa vigingi tangu enzi. Mrina asali anachonga vijiti vya mti mgumu, anakipigilia cha kwanza kwa kisogo cha shoka, anasimama juu yake na kupigilia kinachofuata, mpaka afike kwenye mzinga wa nyuki akiwa na moshi wake. Sasa drili za betri ziko mikononi mwa mafundi wengi, na vipande vya nondo havikosekani penye ujenzi. Mtu kuhama kutoka kigingi kwenda chuma ni suala la muda tu, kwa asali au kwa ulingo wa kuwindia. Kwa hiyo tuupime mapema.

Wanaotetea bolti wana hoja nzito kuliko tunavyopenda kukiri. Kwanza ni uhai wa binadamu. Kigingi kilichoachwa mtini huoza, huliwa na mchwa, na hakimwambii mtu kwamba leo kitakatika. Kuanguka kutoka juu ya mbuyu ni kifo au ulemavu, na familia ya mrina asali haina bima. Pili, ni lazima tuulize mtu asiye na njia ya kupanda hufanya nini. Katika misitu ya miombo anaangusha mti mzima kwa ajili ya ndoo moja ya asali. Hata mizinga ya magome, ambayo tumeizoea Manyoni, huua mti unaobanduliwa gome kuzunguka shina lote. Mbele ya shoka, tundu la milimita 10 ni jeraha dogo sana. Tatu, miti mingine imethibitisha kwamba inavumilia: huko Amerika Kaskazini miti ya mepo hutobolewa kila mwaka kukinga utomvu wa kutengenezea sharubati, na huendelea kutoa kwa miongo mingi.

Lakini mfano huo wa mepo una upande wa pili. Wakinga utomvu hawatoboi tena karibu na tundu la zamani, kwa sababu mbao za pale zimekwisha kufa. Mtafiti wa misitu wa Marekani Alex Shigo alieleza miaka ya 1970 kwamba mti hauponi kwa kutengeneza upya sehemu iliyoumia. Unaijengea ukuta ndani kwa ndani ili uozo usienee, kisha unaifunika kwa mbao mpya. Tundu moja si kitu. Matundu 15 kwenye shina moja ni kuta 15 za kujenga, na kila moja ni mlango wa kuvu na wadudu. Mninga au mtundu wa nchi kavu yetu, unaokua polepole na kuungua karibu kila kiangazi, hauna nguvu ya ziada ya kulipia starehe hiyo. Na bolti ikisahaulika ndani, gome huimeza. Miaka mingi baadaye msumeno wa mpasua mbao hukutana nayo, na anayeumia ni mtu ambaye hata hakumjua mwindaji.

Mbuyu ni habari nyingine. Mbao zake ni laini, zimejaa maji, na gome lake hurudi hata likibanduliwa kwa kamba. Ipo mibuyu mikubwa yenye safu za makovu ya vigingi vya zamani, na bado inazaa ubuyu. Ila hapohapo hoja ya chuma inadhoofika: katika mti laini namna hiyo, nondo nyembamba hukata nyuzi chini ya uzito wa mtu na tundu hulegea, ilhali kigingi kinene huugawa uzito. Sioni drili ikimpa Mhadzabe kitu ambacho kigingi kipya, kilichochongwa siku hiyohiyo, hakimpi.

Kwa uwindaji msimamo wangu ni mkali zaidi. Katika mapori ya akiba kama Rungwa, Kizigo na Muhesi, kibanda cha kumvizia chui hujengwa kwa miti na nyasi, na ulingo ukihitajika, ngazi na kamba vinatosha. Mwenye leseni na gari la kubebea vifaa hana sababu ya kutoboa mti wa umma. Hata ile hoja kwamba bolti za kuchomoa huzuia wengine kutumia mti haisimami: matundu yapo, na jangili mwenye nondo za kipimo kilekile anapanda bila jasho.

Ninapoyumba ni kwa mrina asali maskini wa miombo, asiye na ngazi, mwenye shoka begani. Huyo nikimkataza bolti bila kumpa kitu, nimeuhukumu mti. Vijiji vina misitu yao ya hifadhi chini ya Sheria ya Misitu ya 2002 na vinaweza kujitungia sheria ndogo; ninavyoona mimi, viruhusu kwa kibali matundu machache kwenye miti yenye nyuki wa kudumu, itumiwe ileile kila msimu, na marufuku ibaki kwa mingine yote mpaka kila kikundi cha warina kipate kamba na mkanda wa kupandia.