Yogati haikwangui ukoga

Hapa Kisenyi, Kampala, ukisema tu kwamba fizi zinatoka damu ukipiga mswaki, kila mtu anakuwa daktari. Maji ya chumvi, karafuu, na siku hizi maziwa ya mgando. "Ndugu yangu, kunywa asubuhi na jioni, wadudu wazuri watawamaliza wabaya," aliniambia muuza duka mmoja, mkononi kashika chupa ya yogati ya stroberi yenye sukari ya kutosha birika zima la chai.

Hajatunga, lakini amebakisha nusu ya habari. Katika utafiti mmoja wa 2013, wagonjwa 30 wa fizi walisafishwa meno hadi kwenye mizizi, na baadhi yao wakapewa pia vidonge vya kumumunya vyenye bakteria aina ya Lactobacillus reuteri, mara mbili kwa siku, wiki 12. Kwao, mifuko mirefu kati ya jino na ufizi ilipungua zaidi kuliko kwa waliomumunya vidonge visivyo na bakteria hao. Lakini wote walisafishwa! Hilo ndilo wauzaji wanaloliruka.

Ukoga ukishakuwa mgumu kama simenti chini ya ufizi, hakuna bakteria wa kuuyeyusha. Unakwanguliwa kwa chombo. Usipotolewa, mfupa unaoshika jino unaendelea kuliwa hadi jino lenyewe linacheza. Wengi huogopa kukwanguliwa, eti kunalegeza meno. Meno hayo yalikwisha kulegea zamani. Ukoga ndio ulikuwa umeyashikilia.

Tena kidonge kile huyeyuka polepole mdomoni, ilhali yogati inapita kooni mara moja. Yoba, yogati ya probaiotiki (yaani yenye bakteria wazuri walio hai) inayotengenezwa na wasindikaji wadogo wa maziwa hapa Uganda, ina Lactobacillus rhamnosus, na sifa yake ni ya tumbo. Nyumbani tunaipenda, ila siinunui kwa ajili ya fizi. Hata shirikisho la Ulaya la wataalamu wa fizi, katika mwongozo wake wa 2020, lilishauri probaiotiki zisiongezwe kwenye matibabu ya kukwangua ukoga.

Kwa hiyo mwenye pesa ya kitu kimoja, mimi namwambia aende akakwanguliwe. Mwenye kisukari ndiye asicheleweshe kabisa, kwani sukari ikipanda fizi huharibika upesi, na fizi zikivimba sukari nayo inakuwa ngumu kushuka. Akishatibiwa, akitaka kuongeza vidonge na daktari wake akaridhia, sina ugomvi naye.