Dakika sita si kisu cha kukatia mhadhara

Mhadhara wa saa nzima unakatwa vipande kumi, unapandishwa kwenye kozi ya mtandaoni, na mkufunzi anaambiwa sasa amefuata kanuni ya dakika sita, yaani video ya kufundishia isizidi dakika sita. Inaniudhi sana, maana anayeumia ni mwanafunzi.

Kanuni hiyo haikuzuka tu. Mwaka 2014 Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walichambua vipindi milioni 6.9 vya utazamaji katika kozi nne za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, wakaona muda wa kati wa kutazama hauvuki dakika sita, hata video ikiwa ndefu kiasi gani. Haya, nakubali. Lakini walipima muda wa kutazama, hawakupima kilichoingia kichwani. Tena haohao waliona kwamba mihadhara ya darasani iliyokatwakatwa haivutii kama video zilizoandaliwa kwa ajili ya mtandao tangu mwanzo. Hilo halikumbukwi.

Fungua kipande cha nne cha mhadhara uliokatwa hivyo. Ubao umeshajaa. Mwalimu anasema "kama tulivyoona", nawe hukuona. Anatumia herufi k aliyoifafanua kipande cha pili, kisha video inakatika mstari mmoja kabla ya jibu. Mwanafunzi anarudi nyuma kutafuta, anachoka, anaondoka.

Anza na swali. Andika swali moja ambalo mtazamaji ataweza kulijibu video ikiisha; yakiwa mawili, rekodi video mbili. Andika maneno yako, yasome kwa sauti huku saa ikihesabu. Zikipita dakika nane, usikimbize maneno. Ondoa salamu, wasifu wako na ile "leo tutajifunza" ndefu. Hayo yaandikwe chini ya video. Anza na ubao mtupu, fafanua upya kila alama utakayoitumia, hata kwa sekunde tano. Kisha weka maswali mawili au matatu papo hapo, mwanafunzi ajipime kabla hajaendelea. Pasipo maswali hayo, hata dakika tatu ni nyingi.

Uthibitisho wa hisabati au kusaka kosa kwenye programu huweza kula dakika ishirini. Ziache ziwe ishirini. Weka alama ya sura, ile inayomwezesha mtazamaji kuruka hadi sehemu anayoitaka, kila hatua inapogeuka, na umwombe mwanafunzi asimamishe video ajaribu hatua inayofuata mwenyewe.

Sauti itangulie picha: maikrofoni karibu na mdomo, feni izimwe.

Na faida nyingine ya video ya swali moja: kitufe kikihamishwa kwenye programu unayofundisha, utarekodi upya video moja ya dakika nne tu, video nyingine zibaki zilivyo.